Jani la Tisa

Jumatatu, 9 Machi 1953

Zélie amelala. Nguo ziko kambani. Maharage mekundu yako motoni tangu asubuhi. Hapa Los Angeles ni kama kule nyumbani New Orleans, siku ya kufua ndiyo siku ya maharage. Sufuria inajipikia yenyewe, wewe unapambana na mashuka.

Lakini leo Numa kaacha chakula chake mezani. Nilimfungia maharage na wali kwenye kopo kama Jumatatu zote. Akasema nimtilie mkate na jibini. Nikamuuliza maharage yamemkosea nini. Hayajamkosea kitu, akasema. Kuna jamaa kiwandani kamuuliza, wewe bwana, kila Jumatatu maharage, ni dini? Wakacheka. Naye akacheka. Ila hataki kuulizwa mara ya pili.

Kiwandani mume wangu ni Mzungu. Naandika kama ilivyo. Siku alipokwenda kuomba kazi karani alimtazama uso, akamtazama nywele, akamwandika Mzungu. Numa hakusema uongo. Hakusema lolote. Si yeye peke yake, wako wengi hapa mtaa wa Jefferson. Saa za kazi Mzungu, ukishuka kwenye basi Mkrioli, mwenye damu nyeusi kama sisi sote. Hatuulizani.

Mimi sijawahi kulalamika. Baba yake alikuwa fundi plasta, akakohoa vumbi hadi akafa. Numa anarudi na shati safi, anamrusha Zélie juu, Zélie anapiga kelele za furaha.

Maharage yake nimeyala mimi. Yalikuwa mazuri pia.


Alhamisi, 12 Machi

Shangazi Odalie kaniita kwake. Si shangazi wa damu – yeye ndiye mwenye nyumba ya mbele, sisi tumepanga nyumba ndogo ya uani – lakini kakulia mtaa mmoja na Bibi yangu aliyenilea, basi ni shangazi na imekwisha.

Kanionyesha mikono. Vidole vimevimba kama soseji. Kasema, "Titine, mwaka huu gombo la Alhamisi Kuu utalipika wewe."

Nikashtuka. Gombo la majani! Tangu wakati wa vita yeye ndiye anayelipika, na kila aliyetoka kwetu akahamia parokia hii anakuja uani na bakuli lake. Hakuna mchuzi mwingine mgumu kama huu. Siku nzima umesimama.

"Shangazi, sijawahi kulipika peke yangu."

"Nani kakwambia utakuwa peke yako? Mimi nitakuwa kwenye kiti, nakugombeza."

Kanikumbusha sheria kama vile sizijui. Majani yawe ya namna witiri, saba au tisa au kumi na moja. Na kwa kila jani, mpishi anapata rafiki mpya mwaka huo. Nikamuuliza kama ni kweli. Kasema mwaka wake wa kwanza huku alipika kwa majani matano tu, akapata marafiki watano, na wawili kati yao walikuwa wezi wa kuku. "Kwa hiyo ongeza majani, mwanangu. Upate wa kuchagua."

Nimerudi nimefurahi. Ninaogopa na nimefurahi.


Jumapili, 15 Machi

Baada ya misa Numa kaazima gari la mwenzake. Kasema nivae vizuri, hakusema tunakwenda wapi.

Tulikwenda mbali, upande ule wa bondeni kilipo kiwanda. Nyumba. Nyumba nzima, si ya uani! Ni ya shemeji yake Bwana Pruitt, bosi wa Numa. Kiwandani wanataka kumfanya Numa msimamizi msaidizi, na Bwana Pruitt anaona msimamizi asikae mbali hivi. Funguo anazo Bwana Pruitt mwenyewe. Leo aliacha mlango wa nyuma wazi ili tuone.

Nasema kweli, niliipenda. Kuna mlimau. Kuna dirisha juu ya sinki, ukiosha vyombo unaona milima. Kuna chumba kidogo chenye karatasi ya njano ukutani, jua linaingia hadi sakafuni. Zélie kakaa pale katikati ya lile jua akapiga makofi.

Numa kamnyanyua, kamweka kivulini.

Siku hizi anafanya hivyo. Hajui kama ninaona. Mimi na yeye rangi zetu ni za maziwa, lakini Bibi yangu ni rangi ya kahawa isiyotiwa kitu, na Zélie kamfuata Bibi. Kila mwezi anazidi kumfuata. Mimi namwona mzuri hadi nataka kumtafuna mashavu.

Nikamuuliza Numa, majirani wa hapa ni watu gani? Akasema ni watu wa kiwandani. Nikajua. Sheria haikatazi tena watu weusi kukaa huku, ila majirani wanakataza.

"Shangazi Odalie atakuja kututembelea?"

"Sisi tutakwenda kwake."

"Na Bibi?"

Kafungua bomba la jikoni. Kasema, "Sikiliza maji yalivyo na nguvu."


Jumanne, 17 Machi

Zélie kaomba maji. Kasema "dolo", Krioli safi kabisa kama ya kwetu. Numa kamwambia maji kwa Kiingereza. Zélie kacheka, kasema dolo. Numa karudia Kiingereza. Zélie, dolo. Mwisho Numa kampa maji.

Baadaye kaniambia taratibu, afadhali tuongee Kiingereza tupu mbele ya mtoto. Kwa ajili ya shule. Nikamwambia hajaota hata magego.


Jumatano, 25 Machi

Ferdinand kapita! Binamu yangu huyu ni mpagazi wa treni, anakuja na kurudi, na kila akija anatuletea nyumbani kwenye mkoba. Leo soseji za pilipili kutoka kwa mchinjaji wetu, kamba wakavu, na chupa ya unga wa kuzidishia gombo uzito, wa majani ya msasafrasi aliyoyatwanga Bibi kwa mkono wake. Nilifungua kizibo nikanusa. Machozi, mara moja. Zélie naye kanusa, kapiga chafya.

Habari: kengele ya kanisa letu imepasuka. Yule jirani mwenye kasuku kaolewa, kasuku kakataa kuhama. Na Bibi anakuja! Kiangazi. Ferdinand keshapanga, atakaa behewa lake ili amwangalie njia nzima. Bibi kasema anataka kumwona Zélie kabla macho yake mwenyewe hayajafifia.

Numa alirudi tukiwa mezani. Ferdinand kamchokoza kama kawaida yake.

"Shemeji, umekuwa mweupe mpaka naogopa kukupa mkono. Wangu una masizi."

"Kaa chini, Ferdinand."

"Nimekaa. Nangoja unipe bahashishi."

Numa kacheka, ila kachelewa kidogo. Kisha Ferdinand kageuka, hakuwa anatania tena. Kasema kwenye treni anabeba mizigo ya watu aliopokea nao komunyo ya kwanza. Wanamwita "kijana". Wanamtazama kama mlango. Naye anabeba, hasemi kitu, hata kope hazichezi. "Ndivyo tulivyofundishwa," kasema. "Ukimkuta mtu wako yuko na Wazungu wake, humjui. Usimharibie."

Numa alikuwa anakata soseji. Kaendelea kukata.

Ferdinand alipoondoka nikamuuliza Numa, Bibi akifika atabisha mlango wa nyumba gani? Kasema Bwana Pruitt anataka jibu baada ya Pasaka. Kasema chumba kile cha njano. Kasema shule. Kasema yeye hamkatai mtu, anataka tu Zélie asije akakaa nyuma ya kitu chochote maishani, nyuma ya basi, nyuma ya kanisa, nyuma ya nyumba ya mtu.

Hakupandisha sauti. Numa hagombani. Angekuwa mgomvi ingekuwa rahisi, ningegombana naye.

Yote aliyosema ni kweli. Na mimi najua kwamba tukienda kule, Zélie atakuwa na chumba na hatakuwa na watu. Hatutaweza hata kumwambia Bibi kwa nini. Au atajua bila kuambiwa. Hiyo ni mbaya zaidi.


Jumapili, 29 Machi. Matawi

Nje ya kanisa kila mtu ananiuliza kuhusu Alhamisi. Nani alete wali, nani alete saladi ya viazi. Bibi mmoja kanishika kidevu, kasema ana miaka mitatu hajaenda kwetu New Orleans, anakula gombo hili kama tiketi ya treni. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya harusi.

Numa kasema Alhamisi atakuwa kazini, na akirudi atapumzika ndani. Nikasema sawa. Zélie kang'ata tawi lake lililobarikiwa mpaka likabaki uzi.


Jumanne, 31 Machi

Siku ya majani. Nimezunguka masoko na gari la mtoto, narudi Zélie haonekani, kafunikwa kijani kitupu. Sukuma, kabichi, spinachi, haradali ile kali, saladi, vichwa vya karoti, vichwa vya figili, kitunguu cha majani, kotimiri. Tisa. Nikamwonyesha Shangazi kwa fahari.

Kahesabu kwa kidole kilichovimba.

"Nane."

"Tisa, Shangazi."

"Kotimiri si jani. Kotimiri ni kiungo. Ukihesabu kotimiri, hesabu na chumvi."

"Na kitunguu cha majani?"

"Kitunguu cha majani ni jani. Jina lake linasema."

Nikamwambia Bibi yangu anahesabu kotimiri. Kasema Bibi yangu ni mwanamke mwema na anamwombea kila siku, hasa kwa kosa hilo.

Basi nane. Na nane ni shufwa, haifai, ni kualika balaa. Masoko yamefungwa na kila jani ninalolijua nimeshalinunua. Nikamweleza Numa jioni nikicheka ili nisilie. Alikuwa anamenyea Zélie chungwa. Sikutegemea kama atajali, kiwandani watu hawahesabu majani.

Kasema, bila kuinua kichwa, "Nane haifai. Mama angeimwaga sufuria nzima."


Jumatano, 1 Aprili

Numa karudi na furushi la gazeti lililolowa. Kafungua mezani. Majani ya bitiruti! Mazuri, mashina mekundu.

Nikamuuliza kayapata wapi. Mwanzo hakutaka kusema. Kisha kasema. Bwana Pruitt ana bustani. Leo kaleta bitiruti kuwagawia watu wa kiwandani, kaanza kukata vichwa na kuvitupa kwenye pipa. Numa kasema, usitupe, nipe mimi.

Bwana Pruitt kauliza, "Unafuga sungura?"

Numa kasema, "Mke wangu anapika."

"Anapika majani?"

"Ni supu ya Alhamisi Kuu, bwana. Ni desturi."

"Desturi ya wapi?"

Nikamuuliza Numa alijibu nini. Kasema alijibu, "Ya kwetu." Kisha akanitazama kama mtu aliyefika kanisani akagundua hana soksi. Yule yule asiyetaka kuulizwa kuhusu maharage! Nikacheka mpaka nikashika meza. Naye akacheka. Kumbe aliyafunga kwa karatasi iliyoloa maji yasinyauke, akayapakata njia nzima kwenye basi kama mtoto.

Kotimiri iwe jani, isiwe jani, sasa Shangazi hana la kusema. Tisa.


Ijumaa, 3 Aprili. Ijumaa Kuu

Jana sikuweza kuandika. Leo Zélie kalala, hatupiki, hatufui, hatuchimbi udongo. Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Nilianza kabla jua halijatoka. Kuosha majani maji matatu, manne, mpaka mchanga uishe. Kuyachemsha yote, kuyakatakata kama uji, na yale maji ya kijani kuyatunza, ndiyo utamu wenyewe. Kisha unga wa ngano kwenye mafuta. Pale huondoki. Hata nyumba ikiungua huondoki. Nilikoroga Zélie akiwa kiunoni, Shangazi yuko kwenye kiti mlangoni.

"Punguza moto."

"Nimepunguza, Shangazi."

"Basi ongeza, umepunguza sana."

Unga ukawa rangi ya karanga, kisha rangi ya sarafu ya shaba. Soseji, nyama ya nguruwe, mfupa, kamba wa Ferdinand. Majani yote tisa. Mchana uani kulikuwa na watu kila mahali, kwenye ngazi, kwenye ndoo zilizogeuzwa, na Krioli inaruka juu ya ua mpaka barabarani. Rangi zetu zote zilikuwepo, kuanzia maziwa hadi kahawa. Bibi yule wa tiketi kaonja kijiko kimoja, kafumba macho, kasema, "Nimefika." Nikageuka nikajifanya natafuta mwiko.

Numa alirudi mapema, waliachiwa kazini saa tisa. Alitaka kupita moja kwa moja ndani. Shangazi kamtilia bakuli mkononi, hakumuuliza. Kakaa kwenye ngazi. Kala. Kisha mtu kamtania kwa Krioli na yeye kajibu kwa Krioli, kwa sauti ile aliyokuwa nayo tulipokuwa tunachumbiana, na watu wakaanguka kwa kicheko. Sikuwa nimeisikia sauti ile kwa muda mrefu.

Halafu gari. Kubwa, jeupe. Likasimama getini kwetu.

Akashuka Mzungu mnene, kabeba kreti ya majani ya bitiruti imejaa pomoni. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Numa alikuwa ameshasimama.

Bwana Pruitt kasema ofisini wamempa anwani. Kasema mkewe aliposikia kuna watu wanapika majani kacheka siku nzima, kisha kayang'oa yote ya bustani, kasema wapelekee. Na kwa kuwa anapita, kasema, kaona alete na – akatia mkono mfukoni, nikasikia funguo. Hakumaliza. Alikuwa anatazama uani.

Na hapo ndipo lilipotokea lile ambalo sitalisahau. Uani kote, kwa mara moja, hakuna aliyemjua Numa.

Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo. Yule aliyekuwa anataniana naye kageuza ndoo yake, kampa mgongo. Wanawake wakaanza kukusanya bakuli kama watumishi. Bibi wa tiketi kainamisha kichwa. Krioli ikazimika kama taa. Watu wangu! Walikuwa wanakula chakula cha mke wake, kwenye ua wake, na wakamwacha peke yake pale katikati kwa upendo, ili asiharibikiwe.

Shangazi Odalie alikuwa na Zélie mapajani. Kaongea Kiingereza, ile sauti laini ya mtu wa kazi ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Karibu, bwana. Hawa vijana wapangaji wangu ni watu wema sana. Wameturuhusu sisi wa kanisani tutumie ua leo. Na mimi nawashikia mtoto kidogo."

Kila kitu kilikuwa tayari. Shangazi kajenga nyumba nzima ya uongo kwa maneno matatu, kamfungulia Numa mlango. Hakutakiwa hata kusema. Alitakiwa anyamaze tu, na kunyamaza anakujua, ndiko kulikompa kazi.

Mimi nilikuwa kwenye sufuria na chupa ya Bibi mkononi. Nilichanganyikiwa, nikamimina unga wa msasafrasi gombo likiwa bado linachemka. Kila mtoto wa kwetu anajua unangoja sufuria itoke motoni, la sivyo linavutika kama kamasi. Likavutika. Hata Shangazi hakuniona. Alikuwa anamtazama Numa.

Numa kapokea kreti. Kaiweka chini taratibu sana. Kisha kasema,

"Bwana Pruitt, huyu ni shangazi yangu. Odalie. Tumetoka naye New Orleans. Huyo aliyempakata ni binti yangu."

Shangazi kasema kwa Krioli, chini chini, "Nyamaza, mjinga wewe."

Hakunyamaza. Kamshika bega yule aliyempa mgongo, kasema jina lake na ubatizo wa mtoto yupi walisimama pamoja. Kaenda kwa bibi wa tiketi, kasema jina lake, mtaa aliokaa kule kwetu. Mmoja mmoja. Mwisho kaja kwangu. "Na huyu ni mke wangu, Leontine. Yeye ndiye kapika."

Bwana Pruitt kasema, "Shangazi yako."

"Ndiyo, bwana."

Kamtazama Zélie. Kamtazama Numa. Mkono bado uko mfukoni. Nikachota bakuli nikampa. Lilikuwa limevutika vibaya, nyuzi nyuzi hadi kwenye kijiko. Kala amesimama. Vijiko viwili, vitatu. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kauliza ni desturi ya wapi hii, na safari hii aliyejibu ni Shangazi, kwa sauti yake mwenyewe. Kasema, "Ya kwetu sote hawa unaowaona."

Kasema pilipili ni kali. Kasema asante, mama – kaniambia mimi. Kamwambia Numa, "Tutaongea." Karudi garini. Kreti kaiacha. Funguo kaondoka nazo.

Gari likakata kona. Kisha Shangazi kanigeukia.

"Umechemsha unga wa msasafrasi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mbele ya mgeni."

Watu wakacheka, wengine na machozi. Yule wa ndoo kamkumbatia Numa, kamwita mwendawazimu, kamwita ndugu yangu. Wengine waliondoka kimya. Wako wenye kazi kama ya Numa, nao wana watoto. Mmoja hakumpa mkono. Namwelewa.

Leo tumetembea. Kwetu Ijumaa Kuu unatembelea makanisa tisa kwa miguu. Huku yako mbali, tumefika matatu. Numa kambeba Zélie njia nzima, hakunipa hata mara moja. Tukitoka kanisa la pili kasema, "Sijui kama nina kazi."

Nikamuuliza kama anajuta.

Kasema, "Walipogeuka wote, Titine, nilijiona kama nimekufa na wanaufunika mwili wangu." Tukatembea. Kisha kasema, "Kuhusu kujuta, niulize baadaye."

Sikumuuliza tena. Nimemshika mkono. Ninaogopa kuhusu kazi, ninaogopa sana, na hapo hapo naona kama hewa imeingia nyumbani. Sijui kama mtu anaruhusiwa kuwa na vyote viwili.


Jumamosi, 4 Aprili

Niko jikoni kwa Shangazi. Tunatia mayai rangi kwa maganda ya vitunguu, kesho baada ya misa tutayagonganisha, na wa kuvunjikiwa anatoa lake. Shangazi anaficha moja analosema ni la jiwe. Zélie kajipaka rangi mpaka kwenye masikio. Nimekuja na daftari, mayai yakikauka naandika.

Simu imelia. Simu iko ukumbini kwa Shangazi, yetu hatuna. Kaipokea, kasikiliza, karudi akijifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu. Kasema kwa Krioli, ni yule mnene wa bitiruti. Anamtaka Numa. Nimemwita, alikuwa uani anaokota mabakuli yaliyosahauliwa.

Sasa yuko kwenye simu. Mlango uko wazi, namwona mgongo. Naandika ili mikono ifanye kitu.

Kasema, "Habari za asubuhi, bwana."

Anasikiliza. Muda mrefu.

"Hapana. Hukukosea. Uliona sawasawa."

Anasikiliza.

"Kwa sababu hakuna aliyeniuliza, bwana."

Shangazi kazima moto chini ya mayai ili asikie vizuri. Amekaa. Kamziba Zélie mdomo kwa kipande cha mkate.

"Ndiyo, ni wangu wa kumzaa."

Kaegemeza mkono ukutani.

"Ndugu zetu watakuja kututembelea. Siwezi kukuahidi kwamba hawatakuja. Na kiangazi anakuja bibi yake mke wangu, atakaa nasi. Huyo ni mweusi kuliko shangazi."

Shangazi kanong'ona, eti amwambie pia kwamba shangazi ana meno yake yote. Sikuweza kucheka.

Anasikiliza. Ni muda mrefu sana sasa. Sauti ya yule inasikika kwa mbali, haipigi kelele, inaongea tu, inaongea. Numa anatikisa kichwa, kisha anaacha kutikisa. Sioni uso wake. Mabega yake sielewi yanasema nini, na mimi mabega yake nayajua.

Kasema, "Hilo sikulitegemea."

Kasema, "Hapana, kuhusu nyumba siwezi kukujibu peke yangu. Subiri kidogo, bwana. Nimuulize mke wangu."

Kaziba simu kwa kiganja. Kageuka. Ananitazama. Ananiita, Titine, njoo – kwa Krioli. Naweka kalamu chini.